TAHADHARI: Jamaa anayeuza "programu ya kupanga flopi" Tabora na Kigoma ni TAPELI

Wadau nimekaa na hili siku nne nashindwa kuandika kwa aibu, ila nikinyamaza atapigwa mwingine. Nimepigwa sh. 240,000. Na hela siyo inayoniuma zaidi.

Marehemu Mzee wangu aliacha kabati la flopi, zile diski za zamani za kuhifadhia kazi za kompyuta, na maneno yaliyotokea baada ya arobaini yake sirudii. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nijue kwenye zile flopi kuna programu gani na iko flopi ipi, maana zinapita 300 na karatasi nyingi za juu wino umefutika au mende wamekula. Kuchomeka moja moja na kuandika kwenye daftari nilijaribu, nikachoka ya 11.

Huyu jamaa niliunganishwa naye na mtu ninayemheshimu (simtaji, naye hakujua). Akasema makao yake Tabora ila anapanda treni kuwafuata wateja. Na kweli akaja! Sasa niambieni, tapeli gani anasafiri na treni usiku kucha, anakuja mpaka kwenu Mwanga hapa Kigoma, anampa mama yako shikamoo, anakula ugali wa muhogo na migebuka, ananawa, ndo aanze kazi? Mama mwenyewe alisema huyu mtoto wa watu kalelewa.

Akatoa laptopu, akachomeka kile kidude cha USB cha kusomea flopi, akaniambia kaka chagua yoyote wewe mwenyewe. Nikachomoa moja ya bluu katikati ya boksi, nikampa. Kidude kikaanza kulia krrr krrr, kitaa cha kijani kinawaka kinazima, mara mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, jina la faili, ukubwa, tarehe, hata zile faili zilizobanwa za zip ikaingia ndani ikaorodhesha vilivyomo. Halafu nikaona MISHAHAR.PRG, mwaka 1993. Jamani. Hiyo ndo ile programu ya mishahara Mzee aliyoiandika kwa mkono wake kwenye dBase (programu ya zamani ya kutunza kumbukumbu), ile A ya mwisho imekosa nafasi kwa sababu DOS, mfumo wa kompyuta za enzi hizo, ilikuwa haipokei jina linalozidi herufi 8. Mimi nilikuwa darasa la pili, nalala nasikia anagonga kibodi. Machozi yalinitoka pale pale mbele ya mgeni. Jamaa akakaa kimya kabisa, akaniacha kwanza, halafu kwa upole akasema "kaka, kazi ya baba isipotee hivi hivi". Nikamtumia 180,000 hapo hapo, sikuomba hata apunguze.

Akaniwekea programu kwenye laptopu yangu, kidude akaniachia. Akanielekeza kila flopi kabla ya kuichomeka nifunge kile kitundu cha pembeni ili programu "iipe namba". Nikafunga. Kumbe kitundu kikiwa wazi ndo flopi inakuwa imelindwa, haiandikiki! Mzee aliziacha wazi zote kwa makusudi yake na mimi nikazifunga moja moja. Programu ikafuta majina aliyozipa kwa ndani ikaweka FLOPI001, FLOPI002, mpaka 20. Faili zipo, ila majina yale aliyaandika yeye na hayarudi, ninayoyakumbuka ni mawili tu.

Ya 21 ikagoma. Likaja tangazo la Kiingereza kwamba hili ni toleo la kujaribu, mwisho diski 20. Nikampigia, akasema aah hiyo ni laiseni tu, tuma 60,000 kwenye namba nyingine, jina likatokea la mwanamke, akasema ni mke wangu huyo. Nikatuma. Akajibu "dk 10 kaka" na mpaka leo hapatikani, WhatsApp kaniblok.

Mpwa wangu ndo akafungua folda akakuta faili la maelezo, README, programu ya tangu enzi za Windows 95, aliyeitengeneza alikuwa anaigawa bure watu waijaribu, na kaandika wazi kabisa isiuzwe. Mtu kachukua cha bure kaniuzia nyumbani kwangu! Na zile flopi pana za inchi 5.25 alizosema kidude kitasoma "kwa adapta" ni uongo mtupu, hivi vya USB vinasoma za inchi 3.5 basi.

Huyu mtu akamatwe. Awekwe ndani, arudishe hela yangu na ya kila aliyemliza, na huyo "mke" naye ahojiwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike kwake. Kula chakula cha mama wa mfiwa halafu unamwibia mwanae, hapana, huyo asihurumiwe hata kidogo. Namba zake zote mbili nimeshazituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Mkikutana naye: hatoi risiti, jina la muamala halifanani na lake, atakuonyesha flopi moja tu, ukimwambia tujaribu 30 anasema treni itamwacha. Na akikwambia funga kitundu, mnyang'anye flopi yako.

Miamala yote miwili ninayo na meseji zake sijafuta. Kama na wewe kakupiga njoo inboksi, Jumatatu saa 3 asubuhi naenda kituoni kuandikisha maelezo, twende pamoja.