Kabla ununue kitabu cha picha za Kenya ya zamani, soma kapsheni kwanza

Sasa watu wangu, karibuni tena. Leo meza imejaa, niko na vitabu vya picha, vile vikubwa vizito ambavyo kwa nyumba nyingi huwekwa sitting room na havifunguliwi hadi mgeni aje. Mmeniuliza sana kuhusu vitabu vya picha vya Nairobi na Kenya ya kitambo, kipi cha kununua, kipi cha kuwacha, na mimi nawaambia mapema venye huwa nachagua: naangalia maandishi madogo chini ya picha. Kapsheni. Hapo ndipo pesa yako inaenda ama inapotea.

Cheki. Ukishika kitabu cha picha za mahali, wachana na kava kwanza, kava kila mtu anajua kupendezesha. Fungua katikati, tafuta picha yoyote iko na watu, alafu uliza maswali matatu: huyu ni nani, hapa ni wapi, na ni mwaka gani. Kitabu kikikosa kujibu hata moja, hicho ni pambo. Ununue kama pambo unataka, hakuna ubaya, lakini mtu asikuuzie kama historia. Kuna vitabu vingi vya miaka ya 70 na 80 vilipigwa huku kwetu, Mmaasai amesimama na mkuki jua linazama, msichana wa Kiturkana na shanga zimepanda hadi kidevuni, picha kali, mwanga umekaa sawa kabisa, na chini imeandikwa "moran", yaani kijana shujaa wa Kimaasai, basi, ama hakuna kitu. Huyo mtu alikuwa na jina bana. Alikuwa na boma, na pengine wajukuu wake wako Kajiado sai wanauza ng'ombe na hawajui babu yao ako kwa rafu ya vitabu huko London. Hiyo inaniuma, nasema ukweli.

Haya, cha kwanza. Hiki hapa, ngoja nikilete karibu na kamera. Kinaitwa Priya Ramrakha: The Recovered Archive, kilitoka 2018, wachapishaji ni Kehrer wa Ujerumani, na waliokihariri ni Erin Haney na Shravan Vidyarthi. Kama hujawahi sikia Priya Ramrakha hauko peke yako, hata shuleni hakuna mtu alitufundisha. Huyu ni kijana wa Nairobi, amezaliwa 1935, Mhindi wa Kenya, na alikulia kwa familia ya magazeti, mjomba wake ndiye alikuwa na Colonial Times, lile gazeti lilifanya mwenyewe ashtakiwe na serikali ya mkoloni kwa uchochezi. Priya akaanza kupigia hilo gazeti picha akiwa bado mdogo, baadaye akaenda kusomea Los Angeles, alafu akaingia Time na Life wakati ambapo Mwafrika kupigia hayo majarida ilikuwa kitu hakisikiki. Oktoba 1968 akapigwa risasi Nigeria, vita vya Biafra, akiwa na miaka 33. Na picha zake zikapotea, watu wakajua zimeisha hivo, kumbe zimekaa tu ndani ya gereji hapa hapa Nairobi karibu miaka 40.

Mimi nikifikiria hiyo gereji huwa nashindwa kukaa. Kwa sababu picha nyingi za wakati wa Emergency tunazozijua, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau iliyotangazwa Oktoba 1952, zilipigwa na watu waliokuwa wamesimama upande wa mwenye bunduki. Unaona watu wamekalishwa chini, mikono kichwani, na kamera iko juu yao inawaangalia vile askari anawaangalia. Priya alikuwa mtu wa hapa, mji wenyewe ulikuwa umemgawanyia pa kuishi na pa kusoma kwa sababu ya rangi yake, kwa hivo akielekeza lenzi kwa mtu wa Nairobi anaelekeza kwa jirani. Utaiona hiyo tofauti kabla hata usome neno moja. Na si Nairobi peke yake, kuna safari ya Kenya kuelekea uhuru wa 1963, kuna Zanzibar ya mapinduzi 1964, kuna Aden kule Yemen, kuna Marekani na mapambano ya watu weusi kule. Alafu kuna makala ndani, si picha tupu, zinakueleza huyu mtu alikuwa nani na hizo negativu zilipatikanaje. Kwangu hiki ndicho namba moja, sina haja ya kuzunguka.

Shida yake ni bei. Kikiwa kipya ukiagiza kutoka nje, ukiongeza usafiri na ushuru, hiyo ni kodi ya bedsitter kwa mitaa mingi ya hapa, na sidhani ni haki kitabu cha picha za Nairobi kiwe kigumu kupata Nairobi kuliko Berlin. Nimesema.

Tuende kwa Mohamed Amin. Huyu mnamjua, ama mnajua kazi yake, ile filamu ya njaa ya Ethiopia 1984 iliyofanya dunia nzima isimame. Mtoto wa Eastleigh, 1943, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, wakahamia Dar es Salaam na huko ndiko alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, 1963. Mkono wake mmoja ulikatika Addis Ababa 1991 ghala la silaha likilipuka, na bado akarudi kazini na mkono wa bandia. Akafa Novemba 1996 kwa ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro.

Sasa vitabu vyake ni vingi sana na havilingani. Journey Through Kenya, cha 1982, alifanya na Duncan Willetts na Brian Tetley, hiki utakipata kwa mtumba bila kuhangaika, kiko kila mahali. Ni kizuri cha kumpelekea mtu anatoka nje, rangi zimeiva, mandhari, wanyama, pwani hadi ziwa. Lakini kama unatafuta maisha ya mtu wa mtaani utafungua na ufunge. Sikikatai, nasema tu kilitengenezewa mtu mwenye tiketi ya ndege.

Kile ningewaambia mkimbilie ni Railway Across the Equator, 1986. Huyo ni mtoto wa mtu wa reli amerudi kwa reli, na unajua bila reli hakuna Nairobi ya kuzungumzia, njia ilifika hapa Mei 1899 mahali palikuwa tope na nyasi, wakaweka depo, mji ukakua kutoka hapo. Na picha za reli ziko na faida moja ambayo picha zingine hazina: injini inabeba namba yake mwilini. Hata kapsheni ikiwa mbovu, wewe soma namba. Zile Garratt kubwa za klasi ya 59, injini za mvuke, zilikuwa 34, zilijengwa Uingereza na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 50, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, kwa hivo picha ikikuonyesha namba na kibao cha jina ushajua unaongea na nani. Moja yao, 5918 Mount Gelai, iko pale makumbusho ya reli, unaweza toka na kitabu kwapani ukaenda usimame mbele yake, ni chuma cha kukufanya uinue kichwa.

Na hii ya kusoma picha yenyewe mjifunze, itawasaidia na vitabu vingine. Picha ya katikati ya jiji bila mwaka? Tafuta Hilton, ule mnara wa hoteli wa mviringo ulifunguliwa 1969. Tafuta KICC, lile jumba refu la mikutano, ilimalizika 1973. Hilton iko lakini KICC haipo ama bado inajengwa, ushapata miaka minne ya kubahatisha. Ukiona kibao kimeandikwa Delamere Avenue, hiyo sai ni Kenyatta Avenue, uko kabla ya uhuru ama hapo tu karibu. Government Road ndiyo Moi Avenue ya leo, na hapo ndipo waziri Tom Mboya alipigwa risasi Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akitoka dukani, na Amin alifika na kamera dakika hizo hizo. Sai kuna sanamu ya Mboya karibu na hapo, tangu 2011, watu wanakutania hapo, wanauziana simu hapo. Picha iliyoandikwa vizuri, mahali na tarehe, inakurudishia hiyo njia yote. Picha ya umati tu, bila maneno, inakupa umati.

Kuna kimoja si cha huku lakini lazima nikitaje kwa sababu ndicho nakitumia kupima hivi vingine: House of Bondage ya Ernest Cole, Afrika Kusini, 1967. Cole alibadilisha jina kutoka Kole, akajiandikisha kama chotara, ndio aweze kutembea mahali mtu mweusi alikuwa hawezi. Alipiga picha za machimbo ya madini, vile vitambulisho vya pasi watu weusi walilazimishwa kubeba, watoto shuleni wamejaa hadi sakafuni, wajakazi kwa nyumba za wazungu. Kuna ile picha ya vijana wa machimboni wamevuliwa nguo zote, wamepangwa laini wakiangalia ukuta, mikono juu, wanangoja kupimwa na daktari. Angalia miguuni mwao, nguo na mizigo yao midogo iko hapo chini. Na picha haijaachwa peke yake, kitabu kimepangwa kwa sura, kila sura na maelezo yake, unajua hii ni sheria gani inafanya hivi kwa nani. Serikali ikakipiga marufuku haraka sana, na yeye alishaondoka 1966, hakurudi tena, akafia New York Februari 1990, siku chache baada ya Mandela kutoka. Aperture wamekichapisha upya 2022 wakaongeza sura ambayo haikuwa imeonekana, ya wanamuziki na wasanii na maisha yenye furaha, na hiyo sura imenifanya nikipende zaidi, maana mahali hapaishi tu kwa mateso.

Nakitamani cha aina hiyo cha Nairobi. Kaloleni, Pumwani, Kariokor, Eastleigh, mtu amekaa miaka na majina ya watu ameandika. Vipande viko, kitabu kizima bado sijakishika mkononi.

Sasa kununua. Kama ni mtumba tao, tafadhali msidanganywe na kava kali. Ona hii nakala yangu ya Journey, niliichukua kwa meza ya barabarani, nje iko fiti, karatasi ya juu imeshikwa na selotepu kidogo tu. Sasa angalia hapa ndani, hizi kurasa mbili. Zimegandana. Hii karatasi ya kung'aa iko na udongo mweupe juu yake ndio picha ichape vizuri, ikishika maji alafu ikauke imefungwa, inakuwa gundi. Ukivuta, sikia hiyo sauti, kipande cha picha kinang'oka kinabaki upande wa pili, na huwezi kukirudisha. Kwa hivo ukiwa kwa meza ya muuzaji, shika kitabu chote kwa mgongo, pitisha kidole gumba kwa kurasa zote haraka, zikishikana mahali popote rudisha. Nusa pia. Harufu ya ukungu haitoki, na itahamia kwa vitabu vyako vingine. Alafu fungua kabisa katikati uone kama imeshonwa kwa uzi ama ni gundi tu, kitabu kizito cha gundi tupu huachia kurasa, na ukikosa kurasa moja ya picha umekosa kila kitu kilichokuwa hapo.

Kama huna pesa, si lazima ununue. Kenya National Archives iko pale pale Moi Avenue, unajisajili, unalipa ada ndogo, unaomba kuona picha, wengi wenu mnapita hapo kila siku mkienda stage. Maktaba ya McMillan, Banda Street karibu na msikiti wa Jamia, imekuwa hapo tangu 1931, kitambo ilikuwa ya wazungu peke yao na sasa ni ya kaunti, ni yetu, magazeti ya zamani yamo na picha zake ziko na tarehe juu ya ukurasa, ulizia kwanza kama jengo liko wazi ama wanarekebisha. Matawi yake Makadara na Kaloleni nayo yamefufuliwa vizuri na Book Bunk, shirika la kukarabati maktaba, pelekeni watoto.

Mpangilio wangu basi: ukiwa na pesa ya kitabu kimoja, Ramrakha. Ukipata cha reli kwa mtumba, kurasa ziko sawa, usirudi nyumbani kufikiria, kitaenda. Journey mpelekee mgeni. Cole soma hata kama ni kuazima. Na kama kuna mtu ako na nakala ya Railway Across the Equator anauza, iliyo kavu, niandikie, tuongee bei, yangu ilichukuliwa na rafiki na naona hairudi.