Kubeti gofu ya Kenya Open kwa app: soko zuri, customer care hovyo

App yenyewe siitaji jina ila wengi mnayo kwenye simu, mimi naitumia wiki ya Kenya Open tu. Upande wa masoko naipa tano, kuna mshindi, top 10, top 20, mpaka nani atakatwa, yaani kutolewa mashindanoni, Ijumaa baada ya raundi mbili, na hapo ndo penye hela maana kubashiri mshindi kati ya watu zaidi ya mia ni kamari ya kweli kweli. Angalia historia tu, mashindano yapo tangu 1967, Seve Ballesteros kabeba 1978, Ian Woosnam 1986, tangu iingie European Tour (msururu mkubwa wa gofu wa Ulaya) 2019 wameshinda Migliozzi wa Italia, Harding wa South Africa, Ashun Wu wa China, Campillo wa Spain, Van Driel wa Uholanzi... sasa hapo utamshika nani? Mkenya bado hajabeba, so ukimwekea wa nyumbani weka kwa mapenzi ndugu yangu.

Kinachokera ni sare. Nimeweka top 10, jamaa kamaliza amebanana na wenzake nafasi ya mwisho, dau likagawanywa, nikapata kahela ka soda. Hiyo sheria ni ya kawaida kwenye gofu, sawa, lakini app imeificha chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi na customer care wananijibu mambo ya kona na offside jamani. Nyota tatu.