Birika, vikombe na bakuli kutoka kwa mtu na mkewe wafinyanzi: uzoefu wangu

Vyombo hivi navitumia kila siku, sikuvinunua viwe pambo la kabatini, kwa hiyo nasema kama mtu wa jikoni. Wauzaji ni mtu na mkewe: mke anafinyanga kwenye gurudumu, mume anachanganya gleizi, yaani rojo la madini la kupaka chombo ambalo hugeuka kioo motoni, na kuchoma. Duka hawana. Utawakuta kwenye maonyesho ya kazi za mikono, wote wawili nyuma ya meza moja. Nilichukua birika, vikombe na bakuli kubwa la kuandalia.

Birika kwanza, maana hapo ndipo ufundi wa mfinyanzi hujulikana. Mwili, mdomo, mkono na kifuniko hutengenezwa mbalimbali, kisha mdomo na mkono vikabandikwa mwilini udongo ukiwa umekauka nusu. Unyevu usipolingana, sehemu moja husinyaa kuliko nyingine, na ufa hutokea palepale kwenye kiungo. Langu viungo vyake havina hata mstari. Kifuniko kina ukingo mrefu kwa ndani, hivyo hakidondoki hata nikiinamisha birika hadi tone la mwisho, na kina kitundu cha kupitishia hewa ili chai isitoke kwa kusitasita. Kilichonifurahisha zaidi ni mdomo: ukiacha kumimina, chai inakatika, haitiririki shingoni ikalowesha kitambaa cha meza. Nimetumia mabirika ya kiwandani ya bei kubwa yaliyoshindwa jambo hilo dogo.

Kasoro ipo. Nafasi kati ya mkono na mwili ni finyu, na mwenye vidole vinene ataungua. Nilimweleza mama mwenyewe tulipokutana kwenye maonyesho mengine. Hakujitetea, alilishika birika, akaona ameupima mkono ule kwa vidole vyake vyembamba. Mabirika aliyoyaleta baadaye yana nafasi ya kutosha.

Vikombe havifanani kabisa, kimoja kimezidi kidogo tumbo, kingine kimesimama wima. Kwangu hilo ni sawa. Ukingo ni mwembamba pale mdomo unapogusa, na uzito umebaki chini, kwa hiyo havipinduki ovyo. Ukikigonga kwa kucha kinalia kama kengele. Mume alinieleza kwamba wanachoma mara mbili: kwanza kwenye nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, chombo kikiwa bado kinafyonza maji ili kishike gleizi, halafu kwenye nyuzi 1,240 hivi, ambapo udongo wenyewe unashikamana na gleizi inayeyuka kuwa kioo. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki na vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno. Kwa mtungi wa maji hiyo ni sifa nzuri, maana maji yanayopenya nje na kukauka ndiyo yanayopoza yaliyomo. Kwa kikombe cha chai ni hasara, kitavuja na kushika harufu.

Lakini kilichonifanya niwaamini ni jambo lililotokea mezani kwao. Nilishika bakuli jekundu la kupendeza mno, pesa nimeshaitoa. Mume akanizuia: "Dada, hicho ni cha maua. Gleizi yake sijaipeleka kupimwa, usikitilie chakula." Gleizi isiyotengenezwa sawasawa huweza kuachia madini, hata risasi, madini yenye sumu, kama imo, hasa ikikutana na kitu kichachu kama ndimu au siki. Angeweza kunyamaza akauza. Badala yake alinionyesha upande wa meza wenye vyombo vya chakula, vyenye gleizi ambazo maabara imezipima. Wauzaji wengine niliowauliza swali hilo walinijibu tu kwamba vyombo vyao ni salama, basi.

Bakuli la kuandalia lilikuwa na kitako kinachokwaruza meza, mume akakisugua kwa jiwe palepale nikisubiri. Walinionya pia nisilitoe kwenye friji na kuliingiza moja kwa moja kwenye oveni, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya joto hupasua hata udongo uliochomwa vizuri. Kuosha ni sabuni na sponji tu.

Ukitaka kuagiza, jipe muda wa wiki kadhaa. Chombo hukaushwa polepole, kinaingia tanuruni mara mbili, na kila mara tanuru huachwa lipoe lenyewe kabla ya kufunguliwa. Anayetaka seti ya vikombe pacha visivyotofautiana hata kidogo, kiwanda kitamfaa zaidi. Na kama umevunja kifuniko, usiwatumie vipimo peke yake. Udongo wao hupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi tangu gurudumuni hadi moto wa mwisho, kwa hiyo mama hutaka birika lenyewe mkononi, na hufinyanga vifuniko viwili vitatu ili kimoja kipate kukaa.