Mapitio ya vifaa vya kompyuta: ninachokikagua kabla ya kuyaamini

Nikifungua mapitio ya SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, nyota na hitimisho naviacha kwanza. Natafuta grafu ya kuandika data mfululizo. SSD nyingi za TLC (biti tatu kwa kila seli) na QLC (biti nne) hutumia sehemu ya chipu zake kama SLC, kila seli ikibeba biti moja tu, na data huanza kuingia humo kwa spidi kubwa. Sehemu hiyo, yaani kache, ikijaa, spidi inaporomoka. Baadhi ya QLC hushuka hata chini ya diski ya kuzunguka. Sasa CrystalDiskMark, programu ya kupima spidi ya diski, ukiiacha ilivyo, hutumia faili la GiB 1, ambalo linatosha ndani ya kache bila shida. Mtu akiniwekea picha ya skrini hiyo peke yake, amenirudishia yaliyoandikwa kwenye boksi. Mpimaji makini huandika bila kupumzika hadi diski ikaribie kujaa, akaonyesha spidi ilikatika kwenye GB ya ngapi. Akirudia diski ikiwa na data asilimia 80, namheshimu zaidi, maana kache mara nyingi hupungua kadiri nafasi inavyoisha.

Hata grafu nzuri huchakaa. SSD ya Crucial P2 ilianza na TLC, na mwaka 2021 ikabainika kwamba zilikuwa zikiuzwa za QLC kwa jina lilelile. Kwa hiyo nataka nione kidhibiti, aina ya chipu na toleo la fimwea (programu ya ndani ya diski), pamoja na kama diski ilinunuliwa dukani au ililetwa na mtengenezaji.

Kwenye pawa saplai ndiko wengi wanakoanguka. Kuifunga, kucheza gemu na kusema "iko kimya" si kupima. Inahitajika mashine ya kuipa mzigo hadi asilimia 100, na oskiloskopu ya kusoma ripo, yale mawimbi madogo yanayobaki kwenye umeme wa DC: mwongozo wa ATX, kiwango cha pawa saplai za kompyuta za mezani, unaruhusu milivolti 120 kwenye laini ya volti 12, na 50 kwenye laini za 5 na 3.3. Kisha mzigo uzidishwe makusudi, ionekane kama inajizima au inaungua. Beji ya 80 Plus, inayohusu ufanisi wa kutumia umeme, haisemi lolote kuhusu ripo wala kinga, lakini kuna mapitio marefu yanayoishia kwenye beji hiyo tu!

Kwa laptopu nauliza wati. RTX 4060 ya laptopu, chipu ya michoro ya Nvidia, huwekewa kuanzia wati 35 hadi 115, hivyo mbili zenye jina moja zinaweza kuachana mbali. Jaribio la dakika 2 huisha kabla joto halijatulia. Nusu saa inanitosha, joto la chumba likitajwa. Nyuzi 85 kwenye chumba cha nyuzi 20 ni kasoro ambayo kwenye chumba cha 32 ningeivumilia.

Viungo vya kununulia havinisumbui vikitangazwa wazi. Kinachonifanya nifunge ukurasa ni jedwali la matokeo lisilotaja toleo la draiva, programu inayoendesha kifaa.