Redio ya kusikilizia mbali ukiwa Lamu: ununue ipi?

Redio yangu ya kwanza ya kazi hii, ya kusikiliza usiku stesheni za AM za nchi za mbali, niliinunua kwa macho. Ilikuwa na eriali ndefu kama upondo, taa za kuwakawaka, mahali pa flashi, mahali pa memori kadi na spika ya kutikisa baraza nzima. Nikapanda nayo darini Langoni baada ya Isha, nikaitia AM, yaani masafa ya kati, nikazungusha mwanzo hadi mwisho. Mkoromo mtupu. Darini kwa jirani kulikuwa na mzee mmoja, baharia wa zamani, na kiredio chake cheusi kilichofungwa kwa mpira. Chake kilikuwa kinasoma habari kwa Kiarabu, waziwazi, kama aliyekaa naye.

Nilichokuwa sijui ni kwamba eriali ile ya kuvuta ni ya FM na masafa mafupi. Kwa AM ni pambo. Sikio la AM limo ndani ya redio: kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba. Kijiti kikiwa kirefu na kinene, redio husikia zaidi. Kikiwa kama kidole cha mtoto, hata ulipie vipi, utasikia mkoromo.

Kijiti hicho kina upande. Stesheni ikiwa ubavuni mwake huipokea vizuri, ikielekea ncha yake huififisha, pengine huipoteza kabisa. Wageni wa mchezo huu hudhani ni ubovu, kumbe ndio utamu wenyewe. Stesheni mbili zikigombania wimbi moja, unaigeuza redio polepole mpaka mmoja anyamaze.

Basi jaribu kabla ya kulipa. Nenda dukani wakati wa magharibi, uombe kutoka nayo nje, mbali na taa na chaja. Ukipata sauti yoyote ya AM, hata ya mbali, izungushe redio robo duara. Sauti isipopanda wala kushuka, irudishe. Angalia pia hatua ya kutafutia: huku kwetu, kama Ulaya na Asia, stesheni za AM hupangwa kila kilohezi 9, kuanzia 531 hadi 1602. Marekani ni 10. Redio ya tarakimu isiyokubali 9 itakuwa inazirukaruka.

Sasa mpangilio wangu. Nimeupanga kwa msafiri wa visiwani; aliyekaa Nairobi na soketi kila ukuta anaweza kuugeuza.

Ya kwanza ni Tecsun PL-310ET. Sababu kubwa ni mawe. Inakula mawe madogo matatu, yale ya AA, na hayo utayapata Matondoni, utayapata Faza, utayapata hata Kizingitini duka likiwa linafungwa. Ukiwa kwenye jahazi huna pa kuchaji, lakini mawe ya akiba hayakosi mfukoni. Kioo chake huonyesha nguvu ya wimbi kwa tarakimu, kwa hiyo unapoigeuza redio unaona namba ikipanda, huhitaji kukisia. Kichujio chake cha AM kinabanwa kutoka kilohezi 6 hadi 1, na hilo linasaidia sana stesheni yenye nguvu ikimlalia jirani yake. Spika yake ni ndogo na sauti yake kavu. Vaa vya masikioni, nyumba nayo ilale.

Ya pili, XHDATA D-808. Ningepima usikivu peke yake, hii ingekaa juu, maana kwa AM ina sikio kali. Imeshuka kwa sababu ya betri: ni moja ya 18650, ile ya tochi kubwa za kuchaji, na ikiisha uko Kipungani, umekwisha nayo. Halafu chaja nyingi za siku hizi zinaingiza mkwaruzo, kwa hiyo huwezi kuichaji na kuisikiliza AM kwa raha wakati mmoja. Ina bendi ya ndege pia. Hiyo usiishughulikie karibu na uwanja wa Manda, usije ukajieleza kwa watu wasio na subira.

Tecsun PL-330 naiweka ya tatu. Inaingia mfuko wa kanzu, na betri yake ni BL-5C, ile ile ya simu za kabambe, kwa hiyo fundi yeyote wa simu anayo. Udogo wake ndio udhaifu wake: kijiti ni kifupi. Ukiinunua, ongeza antena ya duara kama AN-200 ya Tecsun hao hao. Haihitaji kuunganishwa kwa waya. Unaisimamisha kando ya redio, unazungusha kitufe chake mpaka sauti ipande ghafla. Asiye na pesa ya kuagiza ajifanyie. Mimi nilifunga fito mbili za mkoko msalaba, kila upande kama sentimita 60, nikazungusha waya wa kawaida mara kumi, nikamalizia kwa kondensa ya kuzungusha, ile ya kutafutia stesheni, niliyoitoa kwenye redio mbovu. Mzunguko mmoja zaidi au pungufu utaurekebisha mwenyewe. Haipendezi kuonekana, ila inavuta.

Panasonic RF-2200 ya miaka ya 1970 ni ya wapenzi. Kijiti chake kiko juu ya kifuniko na kinazunguka peke yake, redio imetulia. Inakula mawe makubwa manne, ni nzito, na siku hizi hupatikana kwa mkono wa pili tu. Ya darini hiyo, si ya safari.

Mkiani kabisa ni zile za flashi, kama ile yangu. Sikuitupa. Iko kwa dada yangu, inapiga kaswida Maulidi yakikaribia, na kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Hata redio ya kwanza itakuaibisha ukikaa pabaya. Punda akilia hakusumbui, ni lake la mara moja. Adui ni balbu za LED, chaja na vidhibiti vya sola. Zima vya kwako, halafu panda darini. Chini ya makuti hakuna tatizo, chini ya mabati wimbi linazibwa. Pazuri zaidi ni ufuoni Shela, mbele kupita nyumba za mwisho, au chomboni injini ikiwa imezimwa.

Mchana tabaka la chini la anga hunyonya AM. Jua likitua tabaka hilo hutoweka, mawimbi hupanda na kurudishwa chini mbali sana. Kwa Lamu, geuza uso wa redio kule unakotoka upepo wa kaskazi: huko ndiko Oman, ambako BBC walijulikana kwa mtambo wa A'Seela kwenye kilohezi 1413, na mbele zaidi Rajkot, India, kwenye 1071, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa. India jua hututangulia, kwa hiyo inaweza kuanza kusikika mapema tangu magharibi, na kabla ya adhana ya alfajiri imeshafifia, kwao kumekucha. Kusini, Zanzibar ilijulikana kwa 585. Lakini mitambo ya AM inazimwa mmoja baada ya mwingine duniani, kwa hiyo orodha ya zamani usiiamini sana, zungusha mwenyewe.

Chumvi nayo. Ukirudi kutoka baharini toa mawe, pangusa vile vibati vya ndani kwa kitambaa kikavu, na uiweke redio kwenye kopo lenye kifuniko. Niliwahi kuisahau moja na mawe yake msimu mzima wa kusi. Nilipoifungua, vibati vilikuwa vya kijani.