Kuacha sigara: kukata ghafla au kupunguza?
Kwa gharama, kukata ghafla kunashinda: hununui tena. Shida ni siku ya 2 na ya 3, hamu inapokuwa kali kuliko zote. Kila wimbi hudumu dakika chache. Kunywa maji, tembea. Hasira na kukosa usingizi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4.

Kupunguza kunataka hesabu. Kama unavuta 12 kwa siku, ondoa 2 kila wiki. Wengi hukwama kwa kuvuta kila moja kwa nguvu zaidi, kufidia zilizoondolewa. Sigara za kununua moja moja nazo huvuruga hesabu. Asubuhi beba za siku hiyo tu.

Mpakua samaki wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, anayezungukwa na wavutaji kazini, huenda akaweza zaidi kupunguza. Mwenye likizo ya siku 4 akate.