Majaketi mawili ya ziwani, na moja lilikuwa godoro

Jaketi la kwanza la kuokolea nililinunua kwa macho. Lilikuwa la rangi ya machungwa, limening'inizwa nje ya duka moja Mwanjelwa, hapa Mbeya, katikati ya makoti ya mvua na mabuti ya shamba. Waliniambia 35,000, nikapatana hadi 28,000, nikaondoka najiona mjanja. Nilipanda nalo boti miezi minne kabla sijajua nilichokuwa nimevaa.

Biashara yangu ni vyungu vya Wakisi. Nateremka na Kosta kutoka Uyole, napita Tukuyu, nafika Matema kwenye Ziwa Nyasa, halafu boti ya injini hadi Ikombe wanakofinyanga. Si mbali. Lakini upande ule Milima ya Livingstone imesimama wima mpaka majini, na upepo wa kusini ukikukuta njiani hakuna pa kukimbilia. Wenyeji huondoka alfajiri. Mimi huchelewa, kwa sababu vyungu havifungwi haraka, kila kimoja kinataka majani yake makavu ya mgomba.

Kabla ya vyungu nilifundisha historia sekondari miaka 30, kwa hiyo mtanivumilia nikichanganya bidhaa na meli za watu wa zamani.

Jumamosi moja boti ikisubiri abiria, nikaamua kulijaribu. Nikaingia ziwani hadi kifuani, nikakunja magoti. Watoto wa ufukweni wakaacha kuogelea waje kumcheka bibi. Mwanzoni lilinibeba vizuri tu, nikawapungia mkono. Baada ya muda maji yakafika kidevuni, kisha mdomoni, na miguu yangu ikaanza kutafuta mchanga yenyewe. Nilipotoka lilikuwa zito kama ndoo iliyojaa. Nahodha wetu, kijana niliyewahi kumfundisha, akachana mshono kwa wembe. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji ya godoro: vya njano, vya pinki, na kimoja bado kimeshikilia kitambaa chake cha maua. Akakikamua, maji yakamwagika miguuni pake.

"Mwalimu," akasema, "hili ungelilalia tu."

Nilicheka na wenzangu, lakini njia nzima kurudi Mbeya nilikuwa nawaza General Slocum. Hiyo ilikuwa meli ya matembezi ya New York. Tarehe 15 Juni 1904 ilibeba waumini wa kanisa moja, wengi wao akina mama na watoto, ikashika moto mtoni. Majaketi yalikuwepo. Yalikuwa yamekaa miaka mingi hadi koki ndani yake, yale magome mepesi ya mti yanayoelea, yakasagika kuwa unga. Kina mama waliwafunga watoto wao, wakawatupa majini wakiamini wamewaokoa, na watoto wakazama machoni pao. Walikufa watu zaidi ya 1,000. Uchunguzi ukagundua pia kwamba kwenye bidhaa za kiwanda kimoja kilichowauzia koki watengenezaji wa majaketi, vipande vya chuma vilikuwa vimeingizwa ndani ya koki ili uzito utimie kama sheria ilivyotaka. Chuma, ndani ya jaketi la kuokolea! Aliyekwenda jela ni nahodha. Basi aliyenijazia mimi sponji ana wakubwa zake katika kazi hiyo, na kwa haki yake, sponji ni afadhali kuliko chuma.

Duka silitaji. Nilirudi, nikaambiwa bidhaa ikishalowa hairudishwi. Jaketi la ziwani hilo.

La pili nililipata hapa hapa Mbeya, kwenye duka la vifaa vya usalama kazini, linalouza kofia za mafundi na mikanda ya kupandia nguzo. Shilingi 95,000, na muuzaji hapunguzi. Safari hii nililikamua mbele yake kabla ya kutoa hela. Ndani kuna povu gumu, kama la ndala, ambalo hata ukilitoboa halinyonyi maji. Ndani ya mgongo kuna lebo yenye namba 100. Hiyo namba ndiyo ya kutazama kabla ya rangi: 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, 100 ni ya maji yaliyokingika, 150 ni ya mbali na pwani. Mimi siogelei. Lebo inataja pia kilo za mvaaji.

Nililipeleka majini pale pale Matema. Nusu saa nzima, kidevu juu, kama chungu kilichofunikwa. Ukosi wa nyuma unabeba kichwa, na nilipojilegeza kama aliyezimia lilinigeuza uso juu. Kasoro zake zipo. Ukosi unachoma shingo jua likiwa kali, kifungo cha mbele kigumu kwa vidole vyenye baridi yabisi, na mkanda wa katikati ya miguu nadhani ulipimwa kwa mtu asiyevaa khanga. Wiki ya kwanza niliuacha ukining'inia.

Kilichonifanya niufunge ni Lusitania. Ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani Mei 7, 1915, karibu na Ireland, ikazama kwa dakika 18, watu karibu 1,200 wakafa. Waokoaji walikuta maiti zilizovaa majaketi yao, lakini kinyume: mengine juu chini, mengine yamefungwa kiunoni, hivyo kilichoelea ni makalio na kichwa kikabaki chini. Na meli ile ilikuwa na mashua za kutosha, maana wakati huo Titanic ilikuwa imeshawafundisha. Ila ililala upande mmoja, na katika mashua 48 ni sita tu zilizoshushwa salama.

Titanic yenyewe wanafunzi wangu waliijua kwa mapenzi ya kwenye filamu, nami nilikuwa nawarudisha kwenye hesabu. Watu zaidi ya 2,200, nafasi za mashua 1,178, na hapakuwa na sheria iliyovunjwa, kwa kuwa kanuni za Uingereza zilihesabu mashua kwa tani za meli na ziliishia tani 10,000, wakati Titanic ilikuwa na zaidi ya 46,000. Majaketi yaliwatosha wote. Wengi walikufa wakielea, kwa baridi. Januari 1914 mataifa yakatia saini London kwamba kila aliyemo melini awe na nafasi kwenye mashua na redio ya meli isikilizwe usiku na mchana. Miezi michache baadaye vita ikaanza. Kuna kisa kimoja cha ajabu kilichofuata: meli Eastland ya Chicago, ambayo tangu zamani ilikuwa nzito juu, ikaongezewa mashua za uokozi, na Julai 1915 ikapinduka ikiwa bado imefungwa gatini. Walikufa 844. Darasani hapo ndipo hata waliokuwa wamesinzia waliamka.

Nyasa si maji ya barafu. Mtu akielea hapa ana saa nyingi za kusubiri boti nyingine, na ndiyo sababu nasema jaketi la kweli linalipa huku kuliko lilivyolipa kule. Ziwa hili lilishachukua watu 145 wa meli ya Vipya mwaka 1946, upande wa Malawi ya leo, kwa upepo. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 1996 nilikuwa kazini. Meli ya watu 430, na waliokufa peke yao walizidi 800. Siku ile sikufundisha.

Kwa hiyo la 95,000 nalipatia nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya kifungo na shingo yangu. Filimbi yake inasikika hadi majumbani. Mbwa wa Ikombe ni mashahidi. La godoro nimemwachia nahodha, anakalia karibu na injini, na anasema kwa kazi hiyo halina mpinzani.

Nimekwama kwa jambo moja. Safari iliyopita mfinyanzi mmoja alinisikia nikilisifu, akamleta mwanawe wa miaka minne, anayevuka naye kila Jumamosi kwenda mnadani Matema. Tukamvika langu. Lilimfika vifundoni. Mama yake alipolishika mabegani kumnyanyua, mtoto akachomoka kwa chini, akabaki amesimama mchangani anatuangalia. La kilo 15 hadi 20 nimelitafuta Mwanjelwa, Kabwe na Soweto hapa mjini, sijaliona hata la godoro. Mwenye kujua linapouzwa aniambie kabla ya Ijumaa, ndipo nateremka tena.